Kanga zimejaa hadi uvunguni, na bado nanunua

Wiki iliyopita mliuliza: mtu anayependa kukusanya vitu vizuri, nyumba ikijaa afanyeje? Nimesoma pia jibu la msomaji aliyeshauri kila kitu kipigwe picha kisha kigawiwe. Kwa vitu vingine sawa. Kwa kanga, hapana, na naomba nieleze.

Nakusanya kanga tangu nikiwa msichana Tanga. Sasa naishi Dar es Salaam, chumba na sebule, pamoja na mume wangu na watoto. Kabati lilijaa zamani, sanduku la mbao nililoachiwa na bibi limejaa, na uvunguni mwa kitanda imepangwa mifuko mikubwa ya shangazi kaja hadi ukutani, ndani kanga tupu. Mume wangu halalamiki, lakini mashati yake yananing'inia nyuma ya mlango, na hiyo si haki. Kwa hiyo swali lenu limenigusa kweli.

Picha itaonyesha pindo la pembeni, mji, yaani mchoro wa katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Kitambaa haikionyeshi. Zile nilizonazo za Urafiki, kiwanda cha Ubungo kilichoanza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China, ni nzito mkononi na rangi imepenya hadi nyuma. Nyingi ninazoletewa siku hizi ukizigeuza tu, nyuma zimepauka hata kabla ya kuingia kwenye beseni. Mtu anayetaka kujua kanga ilivyotengenezwa lazima aishike, aifue, aivae. Picha haifungwi kifuani.

Halafu kanga hupita. Ukilikuta jina zuri dukani Mtaa wa Uhuru leo, usiseme utarudi mwisho wa mwezi, maana mzigo ukiisha mara nyingi ndiyo basi. Ndiyo sababu kila kanga ina wakati wake hata kama mwaka haukuandikwa. Mwaka 2008 Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani, ilitoka kanga yenye picha yake na maneno ya kumpongeza, na jina la kanga hiyo likawa "Upendo na amani ametujalia Mungu". Waliofunga ile kanga wanakumbuka walikuwa wapi. Kanga za mwanzoni mwa karne iliyopita zilikuwa na majina kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndivyo watu wengi wa pwani walivyojua kusoma. Na za Mombasa zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zinatoka kwa wafanyabiashara walioanza shughuli yao mwaka 1887. Makumbusho ya Uingereza kule London inazo kanga zetu, zimehifadhiwa vizuri. Kama wao wameona zinastahili kuwekwa, kwa nini sisi tuone zinastahili kuwa dekio?

Hata hivyo sisemi niweke kila kitu. Nilipotoa mizigo yote sebuleni na kuipanga upya, niliona wazi kilichokuwa kinanimalizia nafasi, nacho ni sare. Harusi ina sare, kitchen party ina sare, arobaini ina sare, na ukoo wetu hauishiwi shughuli. Sare hainunuliwi kwa sababu imekuvutia, inanunuliwa kwa sababu kamati imepanga. Naivaa, nacheza, nafurahi na ndugu zangu, lakini si lazima nilale nayo maisha yangu yote. Hizo sasa zinatoka, na zina pa kwenda: mama mjamzito anayekwenda kujifungua anatakiwa abebe kanga zake, na kanga iliyofuliwa mara nyingi ndiyo inayomfaa mtoto mchanga, kwa sababu imelainika na haimkwaruzi. Nikisikia jirani au mke wa mdogo wangu anakaribia, namfungia doti, yaani jozi za kanga, mbili tatu mapema. Tena nazipenda zaidi zikiwa pale kuliko uvunguni.

Zinazobaki ni za aina mbili. Kwanza zile zenye mtu ndani yake. Bibi alipofariki nguo zake ziligawiwa, na mimi nilipata kisutu chake, aina ya kanga, chekundu, cheusi na cheupe, kisicho na jina kama visutu vingi vya zamani. Kimechakaa kwenye pindo na hakiendi popote. Pili ni zile ambazo jina lake pamoja na mchoro wake sijaviona kwingine. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" ninayo katika michoro tofauti, na kila mmoja nitauweka.

Sasa namna ya kuweka. Kanga mpya naifua kwanza, maana ule wanga wa kiwandani unavuta wadudu. Naikausha kabisa, naikunja kwa urefu hadi jina libaki upande wa nje, kisha naisimamisha ndani ya boksi pamoja na wenzake, majina yakitazama juu, kama vitabu kwenye rafu. Zamani nilikuwa nikitafuta kanga moja navuruga kumi. Sasa nasoma tu, navuta. Katika nafasi ileile zinaingia nyingi zaidi kuliko zilipokuwa zimelazwa, na ya chini haigandamizwi. Kisutu cha bibi na nyingine dhaifu sizikunji kabisa. Nimeomba dukani yale mabomba ya karatasi ngumu yanayobaki jora likiisha, nikayafunika kitambaa cheupe cha pamba, nikaviringishia kanga juu yake, nikayapitisha kamba na kuyatundika ukutani juu ya kitanda, mbali na dirisha. Ukuta ulikuwa umekaa bure miaka yote.

Pwani adui mkubwa ni unyevu. Sakafu ya saruji inatoa jasho, kwa hiyo mizigo ya uvunguni nimeinyanyua kwa mbao. Masika yakipita natoa zote, naanika kivulini, kwa sababu jua kali linapausha, na wakati wa kuzirudisha nabadilisha mahali pa mkunjo ili uzi usikatike palepale kila mwaka. Karafuu naziweka kwenye kifuko, zisiguse kitambaa, zisije zikaacha madoa.

Kila kanga ina mstari wake kwenye daftari: jina, rangi, duka au aliyenipa, na shughuli niliyoivalia. Hapo picha inafaa, kama nyongeza ya daftari. Binti yangu ndiye anayeandika siku hizi, ana mwandiko mzuri kunizidi.

Nina ombi kwenu nyote mnaosoma. Mkitaka kuchana kanga ya mama au ya shangazi iwe kidekio, isomeni kwanza jina lake na mliandike mahali. Na kama kuna mwenye ya Urafiki ya miaka ya 1970 isemayo "Japo sipati tamaa sikati", mimi ninayo upande mmoja tu, mwenzake alipotea kabla sijazaliwa. Niko tayari kubadilishana kwa doti mpya atakayoichagua mwenyewe dukani.