Re: "Atabeg" ni jina la mtu au cheo?

Salaam mkuu. Umekwama kwa sababu katika kitabu chako cha historia ya Waseljuki (masultani wa Kituruki wa Mashariki ya Kati) Zengi, mtawala wa Mosul, anaitwa "Atabeg Zengi", halafu ukurasa unaofuata Tughtakin, mtawala wa Damascus, naye ni Atabeg, ukadhani ni ukoo mmoja. Si ukoo, ni cheo. Kwa Kituruki "ata" ni baba, "beg" ni bwana au amiri. Ni mlezi wa mwana wa sultani, tena mlezi mwenye jeshi.

Ukikutana na Atabeg yeyote, kwanza mtafute mtoto. Zengi alipopewa Mosul mwaka 1127 alikabidhiwa pia mwana wa Sultani Mahmud II. Cha pili, angalia mama wa mtoto kaolewa na nani. Tughtakin alikuwa mlezi wa Duqaq, mwana wa mtawala Mseljuki Tutush. Tutush alipouawa mwaka 1095, Tughtakin akamwoa mama yake Duqaq. Duqaq akafa 1104. Tughtakin akamweka kitini mwana mchanga wa Duqaq, lakini amri akabaki nazo mwenyewe hadi alipofariki 1128. Baba wa kambo mwenye askari, nani angemwondoa?

Wengi hupotea hapo baadaye: cheo kikawa cha kurithi. Watoto wa Zengi wakaendelea kuitwa Atabeg hata pasipo mtoto wa sultani wa kulea. Kwa hiyo kwa karne ya 12 mwishoni, soma "mtawala", usisome "mlezi".

Na usichanganye na "beg" peke yake, hiyo ni ya amiri yeyote.