Rangi ya Unga na Kupiga Mchanga: Majibu kwa Maswali Yenu

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: vyuma vinavyopigwa mchanga, yaani kusafishwa kwa chembe kali zinazorushwa kwa hewa ya kasi, kisha kupakwa rangi ya unga, yaani unga mkavu unaopulizwa kwa umeme na kuivishwa kwenye tanuri. Tumeanza na swali lililoletwa na wengi.

Geti langu lilipakwa rangi ya unga. Haikupita muda, rangi ikaanza kubanduka mapande mapande. Fundi anasema unga ulikuwa mbovu. Niamini?

Unga mbovu upo, lakini ni nadra. Rangi ikibanduka mapande, tatizo kwa kawaida lilikuwepo kabla bunduki ya kupulizia haijashikwa. Okota kipande kilichobanduka, ugeuze mgongo wake, kisha utazame na pale kilipotoka.

Ukiona mgongo una tabaka jeusi, hilo ni ganda la oksidi ambalo chuma hutoka nalo kiwandani kinapopitishwa kwenye roli kikiwa cha moto. Ganda hilo ni gumu na linapendeza, lakini halijashikamana vizuri na chuma chenyewe. Rangi hushika ganda, ganda huachia chuma, vyote viwili vikaanguka pamoja. Kingo za vyuma vilivyokatwa kwa leza au kwa gesi ya oksijeni zina ganda kama hilo, ndiyo maana mara nyingi rangi huanzia pembeni kubanduka.

Mgongo ukiwa safi na chuma chini yake kikateleza kama kioo, basi kulikuwa na mafuta au chuma hakikukwaruzwa. Na rangi ikivunjika kama biskuti au ikilainika na kutoka hadi chuma kionekane unapoisugua kwa kitambaa chenye thina, haikuiva kwenye tanuri.

Utaratibu unaozuia yote haya una mpangilio wake, na mpangilio ndio wenye uzito. Kwanza osha mafuta na grisi kwa dawa ya kuondolea mafuta, kisha suuza na ukaushe. Kazi hii haiwezi kungoja mchanga, kwa sababu mchanga hausafishi mafuta. Huyatandaza na kuyashindilia kwenye vishimo, tena hubaki nayo na kuyahamishia kwenye kazi inayofuata. Pili, gonga na kusaga matone na magamba ya welding, na uzifanye kingo kali kuwa za mviringo kwa msasa au grainda, kwani unga unapoyeyuka huvutwa kutoka kwenye ncha na kuiacha na rangi nyembamba. Tatu, piga mchanga hadi kiwango cha Sa 2½ cha ISO 8501-1 (kanuni ya kimataifa ya usafi wa chuma), yaani kutu, rangi ya zamani na ganda jeusi vyote vimeondoka, na kilichobaki ni madoa hafifu tu. Nne, puliza vumbi kwa hewa kavu. Kuanzia hapo chuma kishikwe kwa glavu safi tu, maana jasho la kiganja lina chumvi.

Kisha usikicheleweshe. Chuma kilichopigwa mchanga kiko wazi kabisa, na penye unyevu hewani huanza kupata kutu ya rangi ya chungwa katika saa chache. Wengi hujiwekea kikomo cha saa 4. Kwa kazi itakayokaa nje, pitisha kwanza dawa ya fosfeti au praima ya unga yenye zinki. Ukitumia praima, iive nusu tu kabla ya kupuliza rangi ya juu, halafu ziive kabisa kwa pamoja; praima iliyokwisha kuiva kabisa huwa na uso unaoteleza mno, na rangi ya juu huishika kwa shida.

Naweza kutumia mchanga wa mtoni? Ni wa bei nafuu na umejaa kila mahali.

Tafadhali usitumie. Mchanga wa kawaida una silika nyingi, na unapogonga chuma kwa kasi hupasuka kuwa vumbi laini lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo hufika ndani kabisa ya mapafu, likabaki huko na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi na hauna tiba. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa silika katika kazi hii tangu mwaka 1949, na kinyago cha kitambaa hakimkingi anayeupiga wala aliyesimama jirani.

Jina “kupiga mchanga” limebaki, lakini kinachopigwa leo ni vitu vingine. Chembe za ganeti (aina ya jiwe gumu) na za oksidi ya alumini hufaa kwa chuma chenye kutu na rangi nzito. Chembe za chuma ni kwa mitambo inayozirudisha na kuzitumia tena na tena. Shanga za kioo husafisha na kung'arisha bila kula chuma, lakini hazikwaruzi vya kutosha kuishika rangi, kwa hiyo si chaguo la kwanza kabla ya unga. Kwenye alumini usitumie chembe za chuma, kwa sababu vipande vyake hubaki vimechomeka na baadaye kutoa kutu chini ya rangi. Hata ukiwa na ganeti, mpigaji anahitaji kofia kamili inayopelekewa hewa safi kwa mpira, kwa sababu rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kuhusu ukali wa mikwaruzo, mikroni 40 hadi 60 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) zinatosha kwa rangi ya unga. Rangi yenyewe huwa na unene wa mikroni 60 hadi 80. Ukipiga kwa chembe kubwa mno, vilele vya chuma vitakaribia kutokeza juu ya rangi, na hapo utaona vidoa vya kutu vimetapakaa kwenye kazi inayoonekana nzima.

Boneti ya gari ilirudi imejipinda. Fundi alisema ni joto la mchanga.

Si joto. Kila chembe ni nyundo ndogo. Maelfu yake yakipiga upande mmoja hutanua ngozi ya bati upande huo, na bati hujikunja kuifuata. Kuinyoosha baadaye ni kazi ngumu, mara nyingine haiwezekani.

Chuma kinene hupigwa kwa hewa yenye mgandamizo wa baa 6 hadi 7. Bati la bodi lishushiwe hadi baa 2 au 3, kwa chembe laini, nozeli ikiwa mbali kidogo na imelazwa pembeni badala ya kuelekezwa wima, na isitulie mahali pamoja. Pale katikati palipo wazi bila ubavu wa kuimarisha, ni bora kuondoa rangi kwa dawa ya kuyeyushia, na kupiga mchanga kwenye kingo na maungio tu.

Nitoe nini kabla sijaleta fremu ya pikipiki?

Kila kisichostahimili nyuzi 200 za Selsiasi. Raba, plastiki, bushi, beringi, sili na grisi zote zitoke. Shokapu na kila kitu kilichofungiwa gesi au mafuta visiingie tanurini kamwe, maana hulipuka. Tangi la petroli lioshwe hadi mvuke wote utoke, na hata hivyo wengi hulikataa, na wana haki. Bodi fila (lipu ya kujazia mabonyeo) ya kawaida huvimba na kupasuka. Ipo ya kustahimili joto yenye chembe za chuma. Risasi ya kulehemu ya kawaida, ile mchanganyiko wa madini ya bati na ya risasi, huyeyuka kuanzia nyuzi 183, kwa hiyo kiungo chake kitaachia kabla rangi haijaiva.

Eleza pia sehemu zisizotakiwa rangi, na uziandike kwenye karatasi ifungwe kwenye mzigo. Vikalio vya beringi, mahali pa waya wa athi na nyuzi za bolti huzibwa kwa plagi za silikoni au tepu ya joto kali. Tundu la milimita 8 likipakwa mikroni 80 hubaki milimita 7.84. Nyuzi za bolti ni mbaya zaidi: kwa sababu ya mshazari wake, unene huo huo hubadilisha kipenyo cha nyuzi kwa mara nne ya unene wenyewe, yaani milimita 0.32, na nati haiingii.

Na vifuniko vya injini, vipigwe shanga za kioo vipendeze?

Sehemu yenye njia za mafuta, hapana. Shanga hujificha kwenye vijinjia, kuoshwa hakuzitoi zote, kisha joto la injini huziachia na kuzipeleka kwenye beringi. Piga vifuniko vya nje tu, matundu yote yakiwa yamezibwa.

Rangi ilitoka na vitundu vidogo kama vya sindano. Kifaa ni cha alumini ya kusubu (iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu).

Vyuma vya kusubu vina vijishimo vilivyoficha hewa, unyevu na mafuta. Vikipata joto hupumua, na upumuaji huo hupasua rangi ikiwa imeyeyuka. Chuma kilichochovywa kwenye zinki nacho hufanya hivyo. Dawa ni kukipasha kifaa kitupu kwanza, kwa joto lililozidi kidogo lile la kuivishia na kwa muda usiopungua wa kuivisha, kisha kipoe ndipo kipulizwe. Kama mafuta yanatokeza juu kila kinapopashwa, osha na urudie. Kilichochovywa zinki kipigwe kwa wepesi tu, baa 2 hadi 2.5, kwa chembe laini zisizo za chuma. Ukikaza utaing'oa zinki uliyoilipia.

Kwenye mfuko imeandikwa dakika 10 kwa nyuzi 200. Nimefuata, lakini rangi inatoka nikiikwaruza.

Dakika hizo huhesabiwa tangu chuma chenyewe kifike nyuzi 200. Hewa ya tanuri hufika mapema. Bomba jembamba hufuatia haraka, lakini bamba la milimita 10 linaweza kuchelewa sana. Ukiyaweka pamoja, moja litakuwa limezidi kuiva na jingine bichi. Weka kipimajoto chenye waya juu ya sehemu nene kuliko zote, uanze kuhesabu hapo, na upange vifaa vya unene unaokaribiana. Rangi iliyozidi kuiva hubadilika rangi, hasa nyeupe, ambayo hugeuka manjano.

Unga hauingii kwenye pembe za ndani.

Umeme huchagua njia iliyo karibu, hivyo unga hushika kingo za pembe na kukwepa kina chake. Ni athari iliyopewa jina la Faraday. Mafundi wengi huongeza volti, na hapo hali huzidi kuwa mbaya. Punguza: kutoka kilovolti 80 au zaidi hadi 30 au 50. Punguza na hewa pia ili isiusukume unga nje, na uanze na pembe kabla ya maeneo bapa. Kisha kagua ndoano. Ndoano iliyovikwa rangi ya kazi zilizopita haipitishi umeme, na bila athi nzuri unga huelea tu. Ukinzani kati ya kifaa na athi usizidi megaomu 1.

Viti vyangu vya nje vimepauka na vinaacha vumbi jeupe mkononi.

Vilipakwa unga wa epoksi au mchanganyiko wake. Epoksi hushika vizuri na kustahimili kemikali, ila jua huila. Kwa nje omba unga wa poliesta.

Rimu za alumini zinafaa kupakwa rangi ya unga?

Zinafaa, kwa masharti. Rimu nyingi hupewa nguvu zake kwa joto maalumu kiwandani, kwa hiyo uivishaji usizidi nyuzi 200, uwe mfupi, na usirudiwe rudiwe. Kila tabaka la ziada ni safari nyingine ya tanuri. Baada ya kupiga mchanga, rimu ikaguliwe nyufa kabla ya kupakwa, kwa sababu rangi huzificha. Zaidi ya yote, vikalio vya nati na uso unaokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) vizibwe, visipate rangi kabisa. Rangi iliyobanwa hapo hutambaa kidogo kidogo, nati hupoteza mkazo, na gurudumu linaweza kuachia. Kama rimu zako zimerudi na rangi kwenye vikalio vya nati, zisifungwe hadi itolewe, na ukishazifunga, kaza nati upya kwa spana ya toki (inayopima mkazo) baada ya kilomita 50 hadi 100.