IgM hasi siku ya pili: si dengue?

SWALI: Mimi ni tabibu wa zahanati huku pembezoni mwa Kigamboni. Jumatatu nilipokea kijana mwenye homa kali tangu jana yake, akilalamikia kichwa na macho. MRDT, kipimo cha haraka cha malaria, hasi. Kipimo chetu cha haraka cha dengue, cha IgM na IgG (kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi), nacho hasi. Nikaandika si dengue. Leo Ijumaa karudi na vipele, na IgM imesoma chanya. Kipimo ni kibovu?

JIBU: Kipimo ni kizima, tabibu, ila ulikiwahi. IgM huanza kuonekana siku ya nne au ya tano ya homa. Siku ya pili kilichojaa kwenye damu ni kirusi, ndiyo maana siku hizo hutafutwa antijeni ya NS1, yaani protini ya kirusi chenyewe, au vinasaba vyake kwa kipimo cha maabara cha PCR. Mkiagiza tena, chukueni kaseti (kibao cha kipimo cha haraka) yenye NS1 na IgM pamoja. Hata hivyo, umepata ushahidi mzuri bila kukusudia: IgM moja tu ingeweza kuwa ya dengue ya miezi miwili iliyopita, lakini hasi iliyogeuka chanya ndani ya siku nne ni ya homa hii. Na hongera kwa kutomwandikia taifodi, maana ndio mtindo wetu MRDT ikisoma hasi.

Fomu za sampuli zikinifikia maabara, naangalia kwanza tarehe ya kuanza homa. Mara nyingi pameachwa bila kujazwa. Ukiuliza "ina siku ngapi?" utajibiwa "kama tatu hivi". Uliza: Ijumaa ulikwenda kazini? Jumapili ulikula?

Asiyeweza kufunga vifungo vya shati kwa maumivu ya vidole, fikiria chikungunya, iliyotambuliwa mara ya kwanza uwanda wa Makonde miaka ya 1952–53. Jina lenyewe ni Kimakonde, la kujikunja. Mfugaji ambaye mifugo yake inatupa mimba, fikiria homa ya Bonde la Ufa. Hapo kaseti ya dengue haikusaidii: tenga seramu, iweke kwenye nyuzi 2 hadi 8, wasiliana na mratibu wa maabara wa wilaya.

Kijana wako mpe parasetamo na maji mengi. Sindano ya diklofenaki, aspirini na ibuprofeni usiguse. Homa ikishuka usimwache bado, hapo ndipo mishipa huvuja: tumbo likiuma, akitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, rufaa siku hiyo hiyo. Yuko siku ya sita. Mwambie arudi kesho, hata kama anajisikia nafuu.