Sumaku ya Bombani na Meno ya Watoto

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimehamia Likoni mwaka huu kutoka Nakuru, ambako maji ya kisima yalimtia mwanangu mkubwa madoa ya kahawia menoni. Mdogo ana miaka mitatu. Juzi pale feri mchuuzi aliniuzia sumaku ya kufunga kwenye bomba, akaapa inavuta floridi, madini yale ya majini yaliyoleta madoa hayo. Ni kweli? – Mama wa wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pesa imeliwa hiyo. Iweke sumaku yako chini ya gilasi ya maji ya chumvi, ulale. Asubuhi onja: chumvi iko pale pale. Floridi nayo ni vivyo hivyo, imeyeyuka majini na haina habari na sumaku.

Ila mchuuzi hakulitunga lote. Wanakemia hutengeneza unga wa magnetaiti, madini ya chuma, wenye punje za makumi ya nanomita tu. Unywele mmoja ni kama nanomita 80,000. Punje huvikwa oksidi ya alumini au ya zirikoni (metali nyingine), na vazi hilo ndilo linalonasa floridi. Sasa unga laini namna hiyo utautoaje majini? Kitambaa hakiuzuii, na ukingoja utuame utachoka. Hapo ndipo sumaku inapopata kazi. Mimi huwaonyesha wanafunzi kwa vumbi la chuma la wachomea mageti na sumaku ya spika mbovu: ukiibandika ubavuni mwa gilasi, weusi wote unakimbilia upande huo, unamimina maji yako. Ule unga wa wanakemia huoshwa kwa kostiki (soda kali), ukaachia floridi, ukarudi kazini. Lakini hayo bado ni mambo ya maabara zaidi kuliko ya bombani kwako.

Usichemshe ukidhani unaiondoa. Maji yanapungua, floridi inabaki, inazidi ukali. Huko Nakuru wako wanaochuja kwa mkaa wa mifupa, na unafanya kazi. Hapa Likoni, kama mnakunywa ya kisima, yapimishe: Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya mvua karibu hayana kabisa. Wa kumlinda ni huyo mdogo, meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya ufizi. Madoa ya mkubwa hayatoki kwa mswaki, usimkwangue mtoto wa watu; daktari wa meno anaweza kuyafunika.

Sumaku usiitupe. Inaokota sindano za cherehani vizuri sana.