Jibu: Kwa nini sura yangu ya kupunga pepo haitishi?

Ndugu, umeuliza kwa nini sura ya hadithi yako kuhusu mganga wa Unguja haitishi ilhali pepo ananguruma mwanzo hadi mwisho. Tatizo ni kwamba pepo wako hana kwao. Zanzibar pepo ana asili, dini na lugha yake. Ruhani ni Mwislamu wa Uarabuni, anataka marashi, udi na usafi. Kibuki ni wa Bukini (Madagaska), Mkristo, na hunywa brandi. Ukiwachanganya, msomaji wa pwani anakuacha hapohapo.

Anza na harufu. Makaa ya chetezo yashike majivu meupe kwanza, ndipo utie ubani, punje chache; makaa yasipokolea, unapata moshi wa kuni tu. Kisha maswali ya mganga kwa pepo: jina lako nani, umetoka wapi, unataka nini? Hofu iweke hapa. Ajibu kwa upole, kwa lugha ambayo kiti wake (mtu aliyepandwa na pepo huyo) hajawahi kujifunza, na aombe pete ya fedha tu.

Na usimfukuze mwishoni! Mara nyingi pepo hufanyiwa mapatano, akabaki. Pete hiyo ikiuzwa sura mbili mbele kulipia ada ya mtoto, hadithi yako imeanza.