Jibu langu kwa mnaouliza habari za Simon's Town

Ndugu zangu wa Unguja, mmeniuliza mara nyingi kama kijana wa pwani akija huku Afrika Kusini atapata kazi bandarini na kuheshimiwa. Nitawajibu bila kuwaficha, kwa kuanzia na historia ya mji ninaoishi.

Simon's Town, kusini mwa Cape Town, umekua kandokando ya karakana ya manowari ambayo Waingereza waliishika tangu mwanzoni mwa karne ya 19 hadi mwaka 1957, walipoikabidhi kwa Afrika Kusini. Chelezo chake kikubwa cha mawe, yaani gati kavu la kutengenezea meli, kiitwacho Selborne, kilifunguliwa mwaka 1910. Kazi za humo ni za jeshi la majini, na mgeni asizitarajie. Mimi hukwangua na kupaka rangi mashua za watu binafsi, nje ya ukuta wake.

Watu wetu walitutangulia hapa. Manowari za Kiingereza zilizosaka majahazi ya watumwa ziliajiri mabaharia kutoka Unguja na pwani yetu, wengine wakiwa watumwa waliokombolewa, zikawaita Seedie. Wenzao wa Afrika Magharibi waliitwa Kroomen. Wengi waliandikwa melini kwa majina ya kupachikwa, na baadhi yao wamezikwa katika makaburi ya Seaforth, hatua chache kutoka karakana. Nilipokwenda kuwaombea dua nilipapasa herufi za jiwe moja lililoliwa na upepo wa chumvi, nikamkumbuka msimamizi wangu wa kwanza, ambaye kwa miaka miwili aliniita John ilhali kitambulisho changu kilikuwa mezani kwake. Niliitika, kwa sababu nilihitaji mshahara, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Wenyeji nao hawakusalimika. Mwaka 1967 serikali ya ubaguzi iliutangaza mji huu kuwa wa Wazungu peke yao, na familia zilizoishi hapa vizazi kadhaa, zikiwemo za mafundi wa karakana hiyo hiyo, zikahamishiwa Ocean View, mahali ambapo, licha ya jina lake lenye maana ya mandhari ya bahari, hapako ufukweni. Msikiti ulibaki, waumini wakaondolewa.

Kwa hiyo anayetaka kuja na aje na vyeti vyake vya ufundi na kibali halali cha kazi, na siku ya kwanza amtajie mwajiri jina lake kamili, alirudie mpaka litamkwe sawasawa. Nitampokea, na kabla hajaanza kutafuta kazi nitampeleka Seaforth.