Bank ya hela na bank ya mto

Umeuliza inakuwaje bank ya Kiingereza iwe sehemu ya kuweka hela halafu hapohapo iwe ukingo wa mto, ni neno moja au yamefanana tu. Ni ndugu kabisa, mzizi wao ni mmoja kwenye lugha za kale za Kijerumani, ila kila moja limefika Uingereza kwa njia yake. La mto lililetwa na watu wa Skandinavia, kwao lilikuwa mwinuko wa ardhi. La hela ndo limezunguka sana, liliingia Italia likawa banca, yaani benchi au meza, maana wabadilisha fedha wa kule walikuwa wanafanyia kazi mezani, hela zimepangwa pale mbele ya wateja, kisha likapita Ufaransa ndo likafika kwa Waingereza miaka ya 1400 hivi. Na bankrupt, kufilisika, limetoka hukohuko, banca rotta, benchi lililovunjika.

Mi napenda zaidi hili: bench nalo ni la ukoo huohuo, kwa hiyo sisi tukisema benki na benchi tumekopa mzizi mmoja mara mbili, na wengi hatujui!

Benki ya damu ni ya juzi tu, jina alilitoa Dk. Bernard Fantus 1937 alipoanzisha ya kwake pale Cook County Hospital, Chicago, damu inawekwa akiba na kutolewa kama hela vile.